Bei ya Tiketi ya Ndege na Iwe Moja

Mwananchi wa Runzewe mwenye safari ya Unguja leo ana njia mbili. Aweza kupanda basi hadi Dar es Salaam, kisha akavuka kwa boti. Au aweza kupitia Bwanga hadi uwanja wa ndege wa Chato, ama kwenda Mwanza, akaruka kwa ndege. Nauli ya basi anaijua kabla hajafunga mzigo. Kikomo chake huwekwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ambayo mwaka 2023 ilitangaza shilingi 48.47 kwa kila kilomita kwa abiria wa basi la daraja la kawaida. Nauli ya ndege, kwa upande wake, mara nyingi huijua barabara wakati anapotoa fedha.

Jambo hili linawahusu pia, tena zaidi, ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia. Mtu wa bara akiudhika aweza kurudi stendi. Mtu wa kisiwani mwenye mgonjwa wa kupelekwa hospitali, siku ambayo bahari imechafuka, hana stendi ya kurudi.

Hatusemi kwamba kila kiti kiuzwe kwa bei ileile. Tunaelewa kwamba shirika la ndege huvigawa viti vyake katika mafungu: vya bei ya chini huuzwa kwanza, navyo vikiisha, anayechelewa hulipa zaidi. Hiyo ni biashara, na mwenye kuwahi hufaidika. Tunaelewa vilevile kwamba viwanja vya ndege havijiendeshi bila fedha, na ndiyo maana ipo tozo ya huduma kwa abiria. Tunacholalamikia ni desturi ya kutangaza sehemu ya bei kana kwamba ndiyo bei yote.

Mfano upo. Shirika la fastjet lilipoanza safari zake nchini mwezi Novemba 2012, kati ya Dar es Salaam, Mwanza na Kilimanjaro, lilitangaza nauli kuanzia shilingi 32,000, kodi za serikali zikiwa kando; na begi la kupakiwa chini ya ndege lilikuwa na malipo yake. Haiwezi kukanwa kwamba shirika hilo liliwapandisha ndege wananchi wengi ambao hawakupata kuipanda, na lilipoacha safari zake hapa nchini mwaka 2018, pengo lake lilionekana. Lakini lilituachia somo: abiria hakumbuki kwamba alilipa nafuu, iwapo alilipa zaidi ya alivyotangaziwa. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nauli iliyo nafuu kweli haina haja ya kufichiwa nusu yake.

Watu wa Runzewe wanaishi katika ukanda wa dhahabu, na mizani wanaifahamu. Mnunuzi akitaja bei ya gramu asubuhi, kisha jioni akaanza kukata hiki na kile, jina lake hufika kila shimo kabla jua halijatua. Mwenye ndege na apimwe kwa mizani hiyohiyo.

Wengine wamekwisha kulitengeneza jambo hili kwa sheria. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa Kanuni namba 1008 ya mwaka 2008, ziliagiza kwamba nauli inapotangazwa, bei ya mwisho yenye kodi na tozo zote zisizoepukika ionyeshwe wakati wote. Marekani nayo iliweka sharti kama hilo mwezi Januari 2012. Mashirika hayakufa kwa sababu ya sharti hilo. Yaliendelea kushindana, ila yalishindana kwa bei zinazolinganishika.

Hapa kwetu vyombo havikosekani. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, na ipo Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, na Tume yake. Na Zanzibar inayo Tume yake ya Ushindani Halali wa Biashara. Kinachotakiwa ni vyombo hivyo vikutane na kutoa amri moja fupi.

Amri hiyo iseme hivi. Kila tangazo la nauli litaje jumla ya mwisho, na kodi na tozo ziorodheshwe chini yake. Uzito wa mzigo ulioruhusiwa uandikwe kando ya bei, hasa kwa ndege ndogo za visiwani, ambako kilo 15 mara nyingi ndio ukomo. Masharti ya kubadili safari na ya kurudishiwa fedha yaelezwe kwa Kiswahili, kabla ya malipo.

Serikali nayo ina sehemu yake. Zipo tozo ambazo shirika hukusanya tu kwa niaba ya serikali, na lawama yake humwangukia karani wa tiketi. Kila tozo inapoongezwa, wananchi waelezwe ni ya nini na inakwenda wapi. Mwananchi hakatai kulipa. Anataka kujua analipa nini, na anataka kukijua mapema, angali na hiari ya kwenda stendi.