Mgonjwa wa tumbo akirudi nyumbani

Wafanyakazi na jamaa zenu, musikilize. Mwenzetu anatoka hospitali baada ya kukatwa sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya kidonda. Bibi yake anapika bukari na mikebuka. Mgonjwa anakula matonge mawili, anaacha. Bibi anauliza: “Nimepika vibaya?” Ugomvi unaanza.

Mama, usikasirike. Mfuko uliokatwa haupokei sahani kubwa. Fuateni hivi:

1. Kwanza maji na mchuzi, kisha uji laini, halafu samaki bila miiba. Bukari nzito na sombe vingoje ruhusa ya mganga.

2. Ale kidogo kidogo, mara 6 kwa siku, akitafuna polepole.

3. Asinywe wakati wa kula. Angoje nusu saa.

4. Apunguze sukari. Ikishuka haraka ndani ya matumbo, moyo unapiga mbio, jasho linatoka, anaharisha. Huo si ulozi.

Roho nayo inaumwa. Aliyezoea kushiba pamoja na wenzake anaona haya, anakasirika, pengine analia. Wengi hupata hayo siku za kwanza. Mumupe sahani yake ndogo, lakini akae katikati yenu. Musimulazimishe kumaliza, wala musimucheke kwa kukonda.

Huzuni ikipita wiki 2, aje tuzungumze. Akitapika kila mara, akipata homa, maumivu makali au choo cheusi, mumulete hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.