Maziwa, Magome na Kidonge

Msafiri atokaye Kilosa kwa njia ipitayo kijiji cha Ulaya hufika Mikumi pale njia hiyo inapokutana na barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na hata Zambia; na hapo, ubavuni mwa vibanda vya chai na nyama choma, huwakuta Wamasai wametandika vitambaa chini na kupanga juu yake bidhaa zao: magome ya kiloriti yaliyofungwa mafungu mafungu kwa kamba, mizizi iliyokatwa kwa urefu mmoja, unga wa rangi ya udongo uliotiwa vikoponi, na chupa zilizokuwa za maji ya kunywa ambazo sasa zimejazwa dawa iliyochemshwa. Duka la dawa muhimu nalo haliko mbali. Mteja mmoja aghalabu hupita pande zote mbili kwa siku moja, akanunua fungu la magome huku na pakiti ya vidonge kule, na muuzaji wa kwanza asijue wa pili ameuza nini.

Kwa miaka mingi watu wetu wamebishana ipi iliyo bora, dawa ya hospitali au dawa ya miti shamba, na ubishi huo umekula wakati mwingi ilhali swali lenye manufaa zaidi kwa mgonjwa limeachwa kando, nalo ni hili: vitu hivi viwili, pamoja na chakula na kinywaji atumiacho kila siku, vikikutana mwilini mwake hufanyiana nini? Ini halina habari ya kilichotoka porini na kilichotoka kiwandani. Kwake zote ni kemikali za kuvunjwavunjwa, kama zilivyo kwa figo kemikali za kutolewa nje. Wala asili zao hazitafautiani sana kama watu wadhanivyo. Metformini, kidonge kimezwacho na wagonjwa wengi wa kisukari, kilitokana na uchunguzi wa mmea uitwao galega, uliokuwa dawa ya kienyeji huko kwa Wazungu, na tabibu Mfaransa Jean Sterne ndiye aliyetangaza matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Artemisinini, iliyo nguvu ya dawa yetu ya mseto ya malaria, ilitolewa na Bibi Tu Youyou wa Uchina katika miaka ya mwanzo ya 1970 kutoka katika mmea wa pakanga, baada ya kusoma kitabu cha tiba cha karne ya 4 kilichoagiza mmea huo ulowekwe katika maji na kukamuliwa, pasipo kuchemshwa. Akatambua kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tafauti iliyo kubwa kati ya jani na kidonge ni kadiri: kidonge kimepimwa, ilhali jani hubadilika nguvu kwa udongo, kwa msimu, na kwa mkono wa aliyelianika. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya pakanga iwe tiba ya malaria, ijapokuwa dawa bora ya malaria imetoka humo humo.

Sasa na tutazame maziwa, kwa kuwa Kilosa ni nchi ya ng'ombe kama ilivyo nchi ya mahindi na mkonge, na katika vijiji vya wafugaji kama Parakuyo na Twatwatwa maziwa ni chakula cha asubuhi na jioni. Dawa ya mseto, ambayo Tanzania iliishika kuwa tiba ya kwanza ya malaria mwishoni mwa mwaka 2006, ina vitu viwili katika kila kidonge cha manjano: artemeta, ambayo huwaua vimelea kwa wingi na upesi lakini hutoweka mwilini kwa muda mfupi, na lumefantrini, ambayo hukaa siku kadhaa ikiwamaliza waliosalia. Lumefantrini haipatani na maji. Huyeyuka katika mafuta, na mtu akiimeza tumbo tupu kwa maji ya mtungi, sehemu kubwa hupita matumboni na kutoka bila ya kufika katika damu. Watu wenye afya waliopimwa walionekana kupata lumefantrini mara 16 zaidi walipoimeza pamoja na mlo wenye mafuta mengi kuliko walipoimeza na njaa. Habari njema ni kwamba hapahitajiwi karamu: kikombe cha maziwa, au uji uliotiwa karanga, chatosha. Kwa hiyo mtu mzima apewaye vidonge 24, vinne kwa kila dozi, dozi ya pili saa nane baada ya ya kwanza na nyingine asubuhi na jioni kwa siku mbili zifuatazo, asiridhike na kuhesabu vidonge peke yake. Aangalie pia alichokula navyo. Huenda wengi wasemao kwamba mseto haukuwafaa walizimeza dozi zote sita kwa uaminifu na tumbo tupu, kwa kuwa homa huondoa hamu ya chakula na hakuna aliyewaambia kwamba chakula ni sehemu ya dawa.

Lakini maziwa hayo hayo yana upande wa pili, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Kuna homa nyingine katika nchi ya wafugaji ambayo huja na kuondoka kwa majuma, ikifuatana na jasho la usiku, maumivu ya viungo na ya kiuno, na uchovu usio na sababu. Mgonjwa hutibiwa malaria mara ya kwanza, mara ya pili na ya tatu, wala asipone. Hiyo yamkini ni bruselosi, ambayo wafugaji wanaijua kwa mifugo yao kuwa ugonjwa wa kutupa mimba, na ambayo humwingia binadamu kwa maziwa mabichi, au kwa mikono mitupu inayomsaidia ng'ombe kuzaa. Kijidudu chake hujificha ndani ya chembe za mwili zenyewe, na kwa sababu hiyo tiba yake ni ndefu: aghalabu doksisaiklini kwa majuma 6, ikisaidiwa na dawa ya pili kama rifampisini, au sindano za majuma ya mwanzo. Basi mgonjwa huyu akimeza doksisaiklini kwa kikombe cha maziwa, madini ya kalsiamu yaliyomo huishika dawa na kuizuia isiingie damuni. Kwa doksisaiklini hasara ni kama sehemu moja ya tano, na kwa ndugu yake wa zamani, tetrasaiklini, hasara huweza kupita nusu. Kikombe kilichomfaa alipokuwa na malaria mwezi uliopita kinampunja dawa mwezi huu. Hakatazwi maziwa, ayachemshe hata yafure, kwani ugonjwa wenyewe huweza kutoka humo, kisha ayanywe saa mbili mbali na dawa. Doksisaiklini yenyewe aimeze kwa maji mengi akiwa amekaa kitako au amesimama, maana kidonge kikikwama kooni huchoma, na asijilaze mara moja baada yake. Mama mjamzito asiimeze kabisa ila kwa amri ya daktari. Na ikiwa rifampisini imo katika tiba, mwanamke atumiaye vidonge vya uzazi wa mpango amwambie mhudumu, kwa sababu rifampisini hulihimiza ini kuvivunja vidonge hivyo kabla havijafanya kazi yao.

Kliniki ya wajawazito nayo ina mkasa wake wa kimya. Mama hupewa vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma na foliki asidi, akaambiwa ameze kimoja kila siku. Akifika nyumbani, kidonge hukutana na chai ya rangi, ambayo tanini yake huyashika madini ya chuma kama kalsiamu inavyoishika doksisaiklini, na kwa madini yaliyomo katika chakula chai iliyonywewa pamoja na mlo imeonekana kupunguza zaidi ya nusu ya kile ambacho mwili ungepata. Gome la kiloriti, ambalo wengi huliweka katika supu na maziwa kwa imani ya kutia nguvu, nalo limejaa tanini. Simwambii mama aache chai wala supu yake. Namwambia akimeze kidonge kwa maji, au kwa machungwa yaliyokamuliwa, ambayo husaidia madini kupenya, na chai ingoje saa moja au mbili. Miezi ya kumeza kwa utii pasipo damu kupanda ni masikitiko yanayoweza kuepukwa kwa kubadili saa tu.

Penye kisukari hatari huwa upande wa kuzidi. Majani ya mlonge, mwarobaini na habasoda, vyote vimeonyesha katika uchunguzi uwezo fulani wa kushusha sukari ya damu, na mgonjwa aliyesikia sifa hizo huona ni busara kuviongeza juu ya vidonge vyake. Ikiwa kidonge ni metformini pekee, mara nyingi hatari si kubwa. Lakini ikiwa ni glibenklamidi, ambayo hulazimisha kongosho kutoa insulini iwapo mtu amekula au hakula, nguvu mbili hujumlika, na mkulima aliyekwenda shamba alfajiri bila ya kifungua kinywa anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho baridi, kuona kiwaa, kusema maneno yasiyoeleweka na hatimaye kuzimia. Apewe sukari au soda yenye sukari upesi, maadam angali aweza kumeza, kisha apelekwe kituo cha afya hata akijiona amepona, kwa sababu glibenklamidi hudumu mwilini saa nyingi na sukari huweza kushuka tena.

Mengine nayataja kwa ufupi. Magadi yatiwayo katika maharage ni chumvi ya sodiamu kwa jina jingine, na mwenye presha aliyeacha chumvi ya mezani ayahesabu nayo. Balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja baadhi ya dawa za presha, jambo ambalo mtafiti Bailey na wenzake nchini Kanada walilieleza mwaka 1989 baada ya kuligundua kwa bahati tu, na hivyo dozi moja ya kawaida huweza kufanya kazi ya dozi kadhaa. Mafuta ya mwarobaini yasimezeshwe watoto wachanga hata tone. Malaysia na India zimeandika habari za watoto waliopata degedege, ini likaharibika, na wengine wakafa. Na unga wa nguvu za kiume uuzwao kwa siri uogopwe kwa sababu nyingine: wakaguzi katika nchi nyingi wamekuta humo kemikali za vidonge vya viwandani zilizosagwa na kufichwa, ambazo zikikutana na dawa za moyo huweza kumwangusha mtu chini.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwapa waganga wetu baraza na daftari la usajili, na Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili imekuwa ikichunguza mitishamba tangu ilipoanza kama kitengo mwaka 1974. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 na kufika Morogoro miongoni mwa mikoa ya mwanzo, uliweka watoa dawa waliofunzwa mahali palipokuwa na duka la dawa baridi tu. Vyombo vipo, basi. Kinachokosekana ni mazungumzo. Mgonjwa huficha gome lake kwa kuogopa kukaripiwa, na kwa insafu ni lazima kusema kwamba hofu hiyo mara nyingi ina sababu, kwani wapo wahudumu ambao wakisikia neno miti shamba hupandisha sauti mbele ya foleni nzima. Na aliyeaibishwa hivyo mara moja, safari ya pili atajibu kwamba hatumii kitu, na daktari ataandika dozi juu ya habari pungufu. Heri mhudumu aulize kwa upole, kabla ya kuandika, mgonjwa anakunywa nini asubuhi, anachemsha nini jioni, na amenunua nini njiani. Na mgonjwa naye aje na gome lenyewe mfukoni, pamoja na pakiti za vidonge vyote alivyo navyo nyumbani, hata vile vya jirani, avimwage juu ya meza vitazamwe kimoja kimoja.