Luku Iko kwa Kifungo

Kuna msee atadunga shati ya soo mbili na akae mresh kuliko yule wa shati ya thao tano. Doo si ndio imefanya hivyo. Cheki vifungo, cheki kola, cheki venye mikono imeishia. Hapo ndio luku hujengwa, na hapo ndio mtu anashona kwa keja anafaa kuanzia. Suti na gauni zitakuja. Vitu vidogo kwanza.

Giko, ile soko ya mitumba, ndio shule ya hii form. Bale ikifunguliwa asubuhi, kamera, zile nguo safi za kwanza, inabebwa mapema na wenye stoli za tao. Yenye inabaki mwisho ni fagia: koti imechanika kwapa, jeans imeisha magoti, bleza ya mbuyu wa mtu. Wengi huipita. Wewe usiipite, juu hiyo koti bado iko na zipu ya chuma nzima, na hiyo bleza iko na vifungo venye hutapata kwa duka rahisi. Pandisha zipu, ishushe, rudia hadi uwe sure haikwami. Ukiona YKK kwa kichwa chake, hiyo ni kampuni ya Tadao Yoshida, alianzisha Tokyo mwaka wa 1934, na wamejulikana kwa kujitengenezea hadi mashine za kazi. Lakini feki zimejaa, so amini mkono wako kuliko herufi. Fumua mshono polepole na wembe, usikate kitambaa cha zipu.

Sasa kifungo. Ukikishona flati kwa koti, kitavuta kitambaa na kola itakaa imenuna. Weka njiti ya kiberiti juu ya kifungo, katikati ya mashimo, alafu pitisha uzi juu yake mara tano ama sita. Chomoa njiti, vuta kifungo kije juu, zungusha uzi pale chini hadi ufanye kashingo, ndio ufunge fundo nyuma. Hiyo shingo ndio inaachia ule upande mwingine wa koti nafasi ya kulala vizuri. Ukienda kubuy vifungo Biashara Street ama River Road, beba nguo yenyewe, ujaribu kifungo kwa tundu hapo hapo. Na ongeza viwili vya akiba, juu kimoja lazima kitapotelea kwa mat.

Hii mambo ya urembo mdogo iko na historia ya kazi ngumu. Jacob Davis alikuwa fundi wa nguo huko Reno, Nevada. Mteja akataka suruali ya bwanake mkata kuni, yenye mifuko haitang'oka. Davis akagonga ribiti za shaba kwa pembe za mifuko. Kitambaa alikuwa anabuy kwa Levi Strauss wa San Francisco, wakashirikiana, na patenti ikatoka tarehe 20 Mei 1873. Zile ribiti ziko kwa jeans yako leo zilitoka kwa fundi wa mtaa amesikiza shida ya mteja.

Sisi tuko na kanga, na hapa ndio naona wasee wanalala. Kila kanga iko na pindo inazunguka pande zote nne. Kanga moja ina karibu mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kumaanisha uko na karibu mita tano za urembo umeshachorwa tayari. Ifue kwanza pekee yake, uianike, uipige pasi, juu ikiruka rangi ama irudi baada ya kushona, kazi yote imeenda. Kata pindo ukiacha sentimita moja kila upande, kunja hizo sentimita ndani na pasi, alafu ilaze juu ya mshono wa pembeni wa suruali nyeusi, kutoka kiuno hadi chini. Shona kingo zote mbili ukianzia juu. Ukishuka na moja na upande na ingine, itajipinda, na watu wataona.

Pindo hupenda laini iliyonyooka. Kwa shingo ya duara itagoma, itafanya mikunjo. Hapo rudi kwa mji, ile sehemu ya katikati, ukate mkanda kwa mshazari, digrii 45. Kitambaa kikikatwa hivyo kinavutika, kinafuata duara bila vita. Na jina, yale maneno yameandikwa kwa kanga, usitupe. Lishone mgongoni kwa jaketi ya denim, herufi zinyooke, na utumie sindano nambari 16 kama denim ni nzito.

Huna cherehani? Vifungo, baji na shanga zote ni za mkono. Shanga za Kazuri, zile za udongo zinatengenezwa Karen tangu 1975, ni nzito kiasi, so tumia uzi mara mbili na ufunge fundo baada ya kila shanga, ndio moja ikikatika zingine zisimwagike. Ovaloki mpelekee fundi wa mtaa. Mwulize maswali akiwa na nafasi, angalia mkono wake, na usimwombe discount ya kipuzi. Hiyo kazi imemchukua miaka kuijua. Mlipe bei yake.