Kuchora hoja: mshale wa 'kwa sababu' hushikiliwa na nini?

"Ardhi hii ni yetu, kwa sababu babu zetu wamezikwa hapa." Kauli kama hii si ngeni katika mabaraza ya Magarini, kuanzia Gongoni hadi Marereni, penye mabwawa ya chumvi na migogoro ya mashamba isiyokwisha. Atainuka mwingine ajibu: "Lakini mzee, hatimiliki iko wapi?" Baada ya hapo ni kelele tu, na kila mtu huenda kwake na lake.

Si kwamba hoja hazipo. Hoja inapotamkwa, sehemu yake moja aghalabu hubaki imefichika. Ndiyo maana wataalamu wa mantiki huchora. Mwaka wa 1913, mwanasheria Mmarekani John Henry Wigmore alionyesha jinsi ya kupanga ushahidi wa kesi kwa alama na mistari. Mwaka wa 1958, mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin akaeleza kuwa kati ya sababu na dai huwa pana kiungo kinachoviunganisha.

Chukua kalamu, msomaji. Andika dai, "ardhi hii ni yetu", ndani ya kisanduku. Chini yake weka sababu, "babu zetu wamezikwa hapa", kisha chora mshale kutoka chini kwenda juu. Lugha yenyewe hukuelekeza: "kwa sababu", "maana" na "kwani" hutangulia sababu, "kwa hivyo", "ndiyo maana" na "basi" hutangulia dai, "lakini" na "ila" huleta pingamizi. Ila chunga: "Kwani wewe nani?" haitoi sababu yoyote. Hilo ni swali, tena la shari.

Sasa jiulize, mshale huo umeshikiliwa na nini? Kiungo chake ni hiki: aliyekaa mahali na kuzika watu wake hapo kwa muda mrefu ana haki ya mahali hapo. Kiandike kando ya mshale. Utaona kuwa anayeuliza hatimiliki hayakani makaburi. Anaupinga mshale.

Sheria nayo ina kiungo kinachokaribiana na hicho. Nchini Kenya, aliyekaa waziwazi katika shamba la mtu binafsi kwa miaka 12 bila idhini ya mwenyewe aweza kudai umiliki mahakamani. Kanuni hiyo haihusu ardhi ya serikali. Lakini hata hatimiliki ina mshale wake: sheria ya mwaka wa 1908 iliwataka watu wa Pwani wawasilishe madai yao ya ardhi, na ile isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Je, nani aliachwa nje?

Mchoro hauamui shamba ni la nani. Kazi yake ni kutuonyesha tunabishania nini. Kama ni makaburi, waulizwe wazee. Kama ni mshale, kuwaita mashahidi zaidi wa makaburi hakutasaidia. Hapo panatakiwa mjadala wa sheria na haki.