Usidharau nati, ni roho ya mtu

Mama mjamzito wa Vitengeni akizidiwa usiku na ikaamuliwa apelekwe hospitali ya Kilifi, mara nyingi kinachomfikia kwanza si gari bali ni pikipiki. Na pikipiki hiyo hiyo mchana ilibeba magunia ya mahindi, mitungi ya maji na pengine watoto watatu wa shule, katika barabara za vumbi na mawe za huko Ganze, nyuma ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Hutikisika kutwa. Na mtikisiko, msomaji, kazi yake kubwa ni kulegeza nati.

Makala haya yanamhusu fundi aliye chini ya mwarobaini pale sokoni, lakini yanakuhusu zaidi wewe uliye Mombasa au Nairobi, uliyenunua pikipiki au mashine ya kusaga mahindi ukawapelekea wazee nyumbani wajikimu. Ulitoa pesa nyingi kununua mashine. Je, bolti zake uliziangalia?

Hebu tutoke Vitengeni kwa muda twende angani, kwani hakuna mahali ambapo bolti huheshimiwa kama kwenye ndege. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya shirika la British Airways aina ya BAC One-Eleven iliondoka Birmingham, Uingereza, kwenda Malaga, Uhispania, ikiwa na abiria 81. Dakika 13 baadaye, ikiwa imepita futi 17,000, kioo cha mbele upande wa rubani kilichomoka. Rubani mwenyewe, Tim Lancaster, alivutwa na upepo akatoka nje hadi kiunoni. Mhudumu mmoja alimrukia akamng'ang'ania, wenzake wakampokea, huku rubani msaidizi Alastair Atchison akihangaika hadi akaitua ndege Southampton. Ajabu ni kwamba hakuna aliyekufa. Hata Lancaster alipona, akarudi kazini.

Wachunguzi waligundua nini? Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 tu kabla ya safari. Kati ya bolti 90 zilizokishika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zile zilizotakiwa, kwa tofauti isiyofika hata milimita moja. Fundi alikuwa amezilinganisha na bolti ya zamani kwa macho, usiku wa manane, badala ya kufuata kitabu cha vipuri. Na huyo alikuwa mtu mwenye ujuzi wa miaka, katika karakana ya shirika kubwa. Sembuse makanika anayefanya kazi na tochi ya simu mdomoni!

Kosa kama hilo hutokea madukani kwetu bila mtu kushtuka. Mteja huingia na bolti iliyokatika, muuzaji huitupia jicho, humpa nyingine "inayofanana". Lakini bolti mbili zenye unene mmoja huweza kuwa na nyuzi tofauti, yaani yale mapito yanayoizunguka kama ngazi. Chukua bolti ya milimita 10. Iliyojaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni ile ambayo nyuzi zake zimeachana kwa milimita 1.5. Kwenye pikipiki, aghalabu hutumika ya milimita 1.25. Ukizichanganya, nati huingia mizunguko miwili mitatu kisha hukwama. Hapo ndipo fundi mwenye haraka hutafuta spana ndefu, au huchomeka kipande cha bomba kwenye spana ili apate nguvu. Nati itaingia, lakini itakuwa imezitafuna nyuzi zote njiani. Kwa macho imekaza. Kwa kweli haijashika kitu.

Dawa yake haina gharama. Nati ya kawaida iliyo sawa huingia kwa vidole, bila spana, mpaka karibu na mwisho. Ikikataa, usiilazimishe. Kwa hivyo unapokwenda dukani, beba bolti pamoja na nati yake, ujaribu pale pale mezani hata kama muuzaji atanuna.

Wenye mashine za kusaga wana taabu zaidi. Nyingi za zamani huendeshwa na injini ya dizeli ya Lister kutoka Uingereza, au nakala yake iliyoundwa India. Injini za Kiingereza za miaka hiyo zilitumia bolti za inchi za mtindo wa Whitworth, ambazo pembe ya uzi wake ni digrii 55, ilhali zile za milimita ni digrii 60. Haziingiliani hata ukizipaka grisi debe zima.

Tazama pia kichwa cha bolti. Ukiona imeandikwa 8.8, maana yake chuma hicho kinahimili mvuto wa takriban niutoni 800 kwa kila milimita mraba. Iliyoandikwa 4.6 huhimili nusu ya hapo. Yenye kichwa kitupu, isiyo na namba yoyote, mimi ningeiacha ishike kitanda au banda la kuku. Si gurudumu wala breki.

Kukaza nako kuna kiasi chake. Bolti ikikazwa huvutika kidogo kama mpira, na mvutiko huo ndio unaoshika. Ukikaza mno, inapita kiasi na haitarudi. Ukikaza kidogo, barabara ya Ganze itaifungua. Mafundi wa ndege hutumia spana yenye kipimo, na kitabu huwaambia wafike wapi. Kisha hupaka mstari wa rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika na jicho linaona. Rangi ya kucha ya dada yako yafaa kabisa kwa kazi hii. Mwendeshaji akiinama kila asubuhi akaangalia mistari ya ekseli za magurudumu na ya breki, hiyo ni dakika moja tu.

Nati zenye pete ya nailoni ndani hushika kwa sababu ya pete hiyo. Siku utakapoweza kuizungusha kwa vidole hadi mwisho, pete imekwisha, itupe. Nayo kotapini, ile pini inayokunjwa miguu, hutumika mara moja. Kuikunjua na kuikunja tena ni kuialika ikatike.

Kwenye mashine ya kusaga, nyundo za ndani zibadilishwe kwa jozi zinazotazamana, zenye uzito mmoja. Ukibadilisha moja pekee, mashine itatetemeka hadi ifungue bolti zake yenyewe, na bolti ikidondoka ndani, vipande vyake vitaishia kwenye unga wa sima. Baada ya kila matengenezo, fundi ahesabu spana zake kabla ya kufunika, kama wafanyavyo wa ndege. Kisha mkanda urudishiwe kinga yake. Leso ya mama aliyekuja kusaga haihitaji kupepea sana kunaswa.

Kwa wanafunzi wanaopenda kazi hizi, chuo cha East African School of Aviation kilichoko Embakasi, Nairobi, hufundisha uhandisi wa ndege, na hesabu na fizikia ndizo nguzo zake.

Lililobaki ni daftari. Ndege haipai bila kitabu kinachoonyesha nani alifanya nini, lini, na sahihi yake. Pikipiki ya Vitengeni inastahili daftari la kawaida la shule, lenye tarehe, kilomita, kipuri kilichowekwa na jina la fundi. Ukienda nyumbani Disemba, kabla ya kuuliza imeingiza pesa ngapi, omba uletewe hilo daftari.