Haki ya Msanii Isingoje Msiba

Amri Athumani, ambaye taifa zima lilimjua kwa jina la King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuchekesha watu angali mtoto, na akafariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Karibu umri wake wote aliumaliza katika kazi hiyo moja.

Ndugu zetu wa Unguja walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1974. Bara ilingoja hadi 1994, na hata hapo vijiji vingi vya Nachingwea na Ruangwa, visivyokuwa na umeme, viliendelea kungoja. Majuto alivifikia kwa kanda za video, kisha kwa sidii, katika vibanda vya makuti vyenye mabenchi na jenereta linalonguruma nje. Msimu wa korosho ulipokuwa mzuri, kibanda kilifurika. Mmwera na Mmakonde walimcheka pamoja yule mzee mjanja anayeumbuliwa na ujanja wake mwenyewe, na Kiswahili chake cha Tanga hakikuhitaji mkalimani.

Sasa na tuulize: kiingilio kile kilikwenda wapi? Mwenye kibanda alipata chake. Muuza sidii alipata chake. Mwigizaji, kwa desturi iliyotawala biashara hii, alilipwa mara moja tu kwa kazi yake, na filamu ikaendelea kuuzwa na kuonyeshwa miaka mingi bila yeye kupata hata senti.

Si kwamba sheria haipo. Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003. Lakini msanii mwenye njaa akiwekewa mbele karatasi asiyoielewa, hutia sahihi, na haki aliyopewa na sheria huiuza yote kwa siku moja. Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, Waziri wa Habari wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwamo. Lilikuwa jambo jema. Hata hivyo ni aibu, nasi twalitumia neno hilo kwa makusudi, kwamba mikataba ya mzee wa miaka sabini ilikaguliwa akiwa kitandani.

Tunawaomba viongozi wahusika, Bara na Visiwani, wahakikishe kwamba mkataba wa mwigizaji unaandikwa kwa Kiswahili, unataja muda wa mwisho, na unampa fungu kila kazi yake inapouzwa upya. Na afisa utamaduni wa wilaya, anapokwenda kukagua leseni ya ukumbi wa video, aulize pia kibali cha mwenye filamu.