Mwili Mmoja, Kliniki Nne: Kuishi na Magonjwa Sugu Zaidi ya Moja Uzeeni

Katika hospitali nyingi, maradhi yamepangiwa siku. Kisukari kina siku yake, shinikizo la damu siku yake, mifupa na maungio siku yake, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI wana kliniki yao. Mpangilio huo huwarahisishia kazi watoa huduma, lakini mwili wa mzee haufuati ratiba. Mtu mwenye umri wa miaka 70 anaweza kubeba maradhi yote hayo kwa pamoja, na katika kila kliniki akakutana na daktari mwingine, daftari jingine na cheti kingine cha dawa. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika tiba ya wazee, chombo kinachoyumba ni mwili wa mgonjwa.

Hali ya mtu mmoja kuishi na magonjwa sugu mawili au zaidi imeenea duniani kote, ingawa sura yake hubadilika kulingana na mahali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliotumia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni 1.7 nchini Scotland, ulionyesha kwamba takriban 23% ya watu wote walikuwa katika hali hiyo, na walipofika umri wa miaka 65 wengi wao walikuwa nayo. Ulionyesha pia kwamba wakazi wa maeneo maskini zaidi waliipata miaka 10 hadi 15 mapema kuliko wakazi wa maeneo yenye neema. Umri pekee, basi, hautoshi kueleza chanzo chake. Kipato, lishe, kazi na mazingira huharakisha au huchelewesha kuwasili kwa maradhi.

Barani Afrika mchanganyiko wa maradhi ni tofauti. Huko Agincourt, eneo la vijijini kaskazini-mashariki mwa Afrika Kusini, watafiti wamekuwa wakifuatilia watu zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea tangu 2014. Zaidi ya nusu yao walikutwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya mmoja kati ya watano walikuwa wanaishi na VVU. Dawa za kufubaza virusi zimewawezesha watu kufikia uzee ambao miaka 30 iliyopita haukutarajiwa, na ndani ya uzee huo wanakutana na kisukari, shinikizo la damu na udhaifu wa figo. Hali kama hiyo inaonekana pia katika kliniki za Tanzania na majirani zake.

Tatizo la msingi ni kwamba miongozo mingi ya tiba imeandikwa kwa ugonjwa mmoja mmoja. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walijiuliza ingekuwaje iwapo mwanamke wa kufikirika wa miaka 79, mwenye kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa sugu wa mapafu, yabisi ya maungio na udhaifu wa mifupa, angetibiwa kwa kufuata kila mwongozo kama ulivyoandikwa. Jibu lilikuwa dawa 12 za aina tofauti, pamoja na orodha ndefu ya masharti ya chakula na mazoezi. Kila mwongozo ulikuwa sahihi peke yake. Ilipokusanywa pamoja, ikawa mzigo ambao watu wachache wangeweza kuubeba, na baadhi ya maagizo yalipingana.

Mpingano huo huanza kimyakimya. Chukulia mfano wa bibi wa miaka 72 mwenye shinikizo la juu la damu. Anaanzishiwa amlodipini, dawa nzuri na ya bei nafuu. Baada ya wiki kadhaa vifundo vya miguu vinavimba, jambo ambalo dawa hiyo hulisababisha kwa baadhi ya watumiaji. Uvimbe ukidhaniwa kuwa ugonjwa mpya, anaandikiwa dawa ya kukojoza. Sasa anaamka mara kadhaa usiku kwenda msalani, na akisimama ghafla anapata kizunguzungu. Magoti nayo yanamuuma, hivyo mjukuu anamnunulia diklofenaki dukani bila cheti. Dawa hiyo huweza kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, hasa inapokutana na dawa ya kukojoza na baadhi ya dawa za shinikizo. Katika kliniki inayofuata shinikizo limepanda, na anaongezewa dawa nyingine. Kila aliyemhudumia alitibu alichokiona, lakini hakuna aliyeuona mnyororo mzima: dawa imezaa dalili, na dalili imezaa dawa.

Hatari nyingine ni sukari kushuka kupita kiasi. Glibenklamidi, dawa ya kisukari ya miaka mingi, hukaa mwilini kwa muda mrefu, na zaidi pale figo zinapochoka. Ndiyo sababu orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba haiwafai watu wenye zaidi ya miaka 60. Mzee ambaye sukari yake imeshuka hutokwa na jasho, hutetemeka na kuchanganyikiwa, na ndugu huweza kudhani kwamba ni uzee tu. Akianguka na kuvunjika nyonga, maisha yake yote hubadilika. Kwa anayeishi na VVU kuna tahadhari ya ziada. Dolutegraviri, iliyomo katika dawa zinazotumiwa na wengi hivi sasa, huongeza kiwango cha metformini katika damu, na kwa hiyo inashauriwa metformini isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Daktari wa kisukari asiyejua kwamba mgonjwa wake anatumia dawa za VVU hawezi kuchukua tahadhari hiyo.

Je, kliniki zinaweza kuunganishwa? Jaribio lililofanyika katika vituo 32 vya Tanzania na Uganda, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023, liliwahudumia watu wenye VVU, kisukari na shinikizo la damu katika kliniki moja. Hofu ilikuwa kwamba udhibiti wa virusi ungedhoofika. Haikuwa hivyo: takriban 97% ya wenye VVU walikuwa na virusi vilivyodhibitiwa, sawa na waliotibiwa katika kliniki tofauti. Hata hivyo, kuunganisha milango hakumalizi kazi. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2018, ambapo wagonjwa wa aina hii walifanyiwa mapitio ya pamoja ya afya yao, liliwafanya waridhike zaidi na huduma, lakini ubora wa maisha yao haukuongezeka kwa kiwango kilichopimika.

Wakati mifumo ikiendelea kutafuta njia, zipo hatua zisizohitaji gharama kubwa. Angalau mara moja kwa mwaka, familia ikusanye dawa zote za mzee katika mfuko mmoja, zikiwemo za dukani, za asili na zilizobaki kutoka zamani, na kuzipeleka kwa daktari au mfamasia mmoja. Kwa kila dawa yaulizwe maswali matatu: inatibu nini, bado inahitajika, na inapatana na nyingine? Figo zipimwe, kwa kuwa ndizo hutoa dawa nyingi mwilini. Dalili mpya inapojitokeza, swali la kwanza liwe iwapo imeletwa na dawa. Mzee asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, maana nyingine zikikatishwa ghafla huleta madhara makubwa.

Mzee mwenyewe naye aulizwe analolithamini zaidi. Wapo wanaotaka kuishi miaka mingi iwezekanavyo. Wapo wanaotaka kutembea hadi msikitini au kanisani bila maumivu, au kulala usiku mzima. Jibu hilo ndilo liamue dawa ipi ibaki mfukoni na ipi iondolewe.